Waka au Zimika, Tujue Moja

Taa ikizimika, mimi sina ugomvi nayo. Imezimika, basi. Napapasa kabati, natoa mshumaa, nawasha, maisha yanaendelea. Mboga iliyoko jikoni inamalizikia kwa tochi ya simu, na sijasikia mtu aliyekufa kwa kula mchicha uliopikwa gizani. Giza lina adabu zake: likija, unajua limekuja. Ugomvi wangu ni na taa isiyotaka kuwaka na isiyotaka kuzimika. Hiyo ni sawa na mdaiwa anayekupigia simu kila asubuhi kukwambia yuko njiani. Hakulipi, na hakuachi ukamsahau.

Ya kwangu iko sebuleni. Ni tubu laiti ya futi nne, imefungwa juu ya mlango wa kuelekea jikoni tangu nyumba haijapigwa lipu. Ukibonyeza swichi inasema tik. Halafu kimya. Halafu tik-tik. Ncha zake mbili zinageuka rangi ya chungwa, katikati panamulika mara moja, mnaonana wote mliokaa sebuleni, halafu hamwonani, halafu mnaonana tena, ila safari hii nyama iliyokuwa kwenye sahani yako iko kwenye sahani ya mtu mwingine na kila mmoja anatafuna kwa unyenyekevu.

Kila mtu humu ndani ana utafiti wake. Mke wangu anasema umeme ni mdogo. Kijana wangu wa mwisho anasema, "Baba, hiyo ni ya kizamani, weka LED." Mama mkwe, ambaye amekuja mjini kutibiwa macho na kwa hiyo ndiye ninayemwonea huruma zaidi, anasema kuna mtu anaipuliza. Jirani alishauri niigonge na mpini wa ufagio. Niliigonga, ikawaka. Hilo ndilo lililoniudhi kupita yote, maana tangu siku ile ufagio umehesabiwa kuwa kifaa cha umeme na hakuna anayetaka kusikia habari ya matengenezo.

Fundi yeye ana jibu moja tu duniani. Hata kabla hajavuka kizingiti, mkoba ungali begani, anatamka: "Stata hiyo, mzee."

Elimu ifuatayo nimeilipia kwa stata, kwa hiyo naigawa bure. Ndani ya tubu hakuna uzi unaoungua. Kuna mvuke kidogo wa zebaki, na kioo kwa ndani kimepakwa unga mweupe. Umeme ukipita kwenye ule mvuke hutoa miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na unga ule unaigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Tatizo ni kwamba mvuke haupitishi umeme kwa hiari yake. Ni lazima ncha zipashwe moto kwanza, kisha upigwe teke la volti nyingi. Ndipo anapoingia stata, kale kachupa kalikofichwa ndani ya kopo dogo jeupe. Kazi yake ni kuunganisha ncha zipate moto, kisha kukata ghafla. Ikikata, choki, lile dude zito la waya uliozungushwa kwenye chuma, linarusha teke. Teke likipokelewa, taa imewaka na stata inakwenda kupumzika. Lisipopokelewa, stata inaanza upya. Tik. Tik-tik.

Sasa ncha za tubu zina dawa iliyopakwa kiwandani, na dawa ile inaliwa kidogo kidogo kila unapowasha. Ikiisha, pembeni pa kioo panabaki weusi. Tubu iliyofika hapo hata uifungie stata iliyotoka kiwandani asubuhi ya leo, itapigwa mateke mpaka kuche. Kwa hiyo kinachopepesa pale juu ni stata mwaminifu anayejaribu kumwamsha marehemu. Weusi wa tubu yangu unaonekana kutoka barabarani. Fundi haoni. Stata bei yake ni ndogo, inafungwa kwa vidole viwili, na juu yake kuna hela ya kupanda stuli. Stuli yenyewe ni yangu.

Na kuna lile jambo ambalo kila mwenye nyumba analijua: fundi akifika, taa inatulia. Wiki nzima imetutesa, fundi anabonyeza swichi, inawaka papo hapo, nyeupe, imenyooka, hata mdudu haipitishi mbele yake. Fundi anaitazama taa, ananitazama mimi, halafu anamgeukia mke wangu na kuuliza kwa sauti ya upole, "Mama, mzee analala vizuri lakini?"

Kumbe Waingereza wamelitungia jambo hili tamthilia. Mwandishi Patrick Hamilton aliitoa mwaka 1938, inaitwa Gas Light, na mambo yake yanatokea London ya karne ya 19, enzi za taa za gesi. Mwanamume mmoja anamuaga mkewe jioni, anatoka, kisha anarudi kwa siri na kuingia ghorofa ya juu iliyofungwa, akitafuta vito vya thamani. Akiwasha taa kule juu, gesi ya chini inapungua na taa za sebuleni zinafifia. Mke anaziona zikififia. Akimwambia mumewe, anajibiwa kwamba ni akili yake inayofifia. Filamu iliyotokana nayo ilitoka Marekani mwaka 1944, na Ingrid Bergman akapata Oscar kwa kuwa huyo mke. Jina la hadithi likageuka kuwa kitendo, gaslighting, yaani kumfanyia mtu mpaka aanze kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Mwaka 2022 watunga kamusi wa Merriam-Webster wakalichagua kuwa neno la mwaka. Wangekuja kuniuliza mimi wangelichagua mapema zaidi. Halafu yule mke wa kwenye tamthilia angalau alitokewa na mpelelezi mstaafu akamwambia hapana mama, huna wazimu. Mimi nimetokewa na fundi.

Hata mtu wa ghorofani ninaye, ila wa kwangu yuko nyuma ya ukuta. Ni kijana mchomeleaji wa mageti. Kila akigusisha fimbo yake kwenye chuma, mashine inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na kwa kuwa sote tunakunywa kwenye laini moja nyembamba, volti zinashuka mtaa mzima. Akiinua fimbo, zinapanda. Akikazana na geti kubwa la maua, hapa kwangu hata jokofu linaguna. Nilikwenda nimejiandaa vizuri, maneno nimeyapanga tangu kwenye kona. Kijana akavua miwani ya moto, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee wangu." Nikaitika. Sasa ukishaitikia marahaba unagombana kutokea wapi? Tukaishia kuzungumzia bei ya mabomba ya chuma, na nikarudi nyumbani nikiwa nimeahidi kumtafutia mteja.

Mtu pekee asiye na shaka katika sakata hili ni Mwalimu. Amestaafu, alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na jioni hukaa kibarazani kwangu kwa kisingizio cha kahawa. Alitazama taa yangu kupitia dirishani, akatikisa kichwa, akatamka kwa uzito wa daktari bingwa: "Hiyo inaitwa flicker."

Nikamwuliza dawa yake.

"Dawa sijui," akasema. "Ila asili yake naijua."

Hao ndio wasomi wetu. Nyumba inaungua, yeye anataka kukwambia jina la moshi. Lakini kahawa ilikuwa imeshamiminwa, na mtu aliyeshika kikombe huwezi kumfukuza, nikamsikiliza. Anasema neno hilo ni la zamani mno, la Kiingereza cha Kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Siku hizo likitamkwa flicorian, na wala halikuwa na habari na taa. Lilikuwa neno la ndege: kupigapiga mbawa haraka haraka, pale pale, bila kufika popote. Limetokana na mwigo tu wa mwendo wenyewe. Wajerumani nao wana flackern yao, ya moto unaoyumba. Ilipofika mwaka 1600 au karibu na hapo ndipo Waingereza wakaanza kulisogeza kwenye mwanga, na hata hivyo halikuzoeleka kwa kazi hiyo mpaka karne ya 19.

Mwalimu akanogewa. Akasema Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya mwanga na yote yanaanza na sauti moja: glow, gleam, glitter, glimmer. Ukoo mkubwa, una heshima zake, kila mmoja ana namna yake ya kung'aa. Flicker hamo. Yeye ni mtu wa kuja. Kwao ni kule kwa fly na flap na flutter, watu wa mbawa, na kwenye mwanga amehamia tu kutafuta maisha.

"Na ndiyo maana hatulii," nikasema.

Mwalimu hakucheka. Ana namna yake ya kutocheka, inayomfanya mtu ajione yuko kidato cha kwanza.

Akanitaka nikumbuke koroboi. Nani wa rika letu asiyekumbuka koroboi? Kopo la maziwa, utambi wa kitambaa, mafuta ya taa, na asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Ule moto haukuwahi kusimama wima hata usiku mmoja. Tulidhani ni upepo. Kumbe hata ukifunga madirisha yote na kuziba nyufa kwa gazeti, utacheza tu. Hewa iliyopashwa moto inapanda, ya baridi inaingia chini yake kwa pupa kuziba nafasi, na mahali hewa mbili hizo zinapopishana panajikunja mikunjo inayopanda na kuubana moto, mara kama kumi hivi kwa sekunde moja. Yaani moto unapiga mbawa kwa sababu ya mvuto wa dunia. Wamarekani walilithibitisha hilo katika miaka ya 1990 walipowasha mishumaa ndani ya vyombo vya anga, mahali ambapo hewa ya moto haijui juu ni wapi. Moto ukawa tufe dogo la buluu. Haupandi, hauyumbi.

Nikamwambia Mwalimu hiyo ndiyo taa ninayoitaka mimi. Akanijibu kwamba iko kilomita mia kadhaa kwenda juu, na nauli yake siiwezi.

Tukapita pia kwenye Kiswahili, lakini kwa haraka, maana mama mkwe alikuwa anataka kulala. Sisi nasi tuna kupepea na kupepesa, bendera na macho. Tuna kimulimuli, mdudu mpole wa kwenye majani baada ya mvua, ambaye siku hizi jina lake limepandishwa cheo na kuwekwa juu ya magari ya misafara ya wakubwa. Mdudu yule anawaka ili amwite mwenzake. Vile vya kwenye magari vinawaka ili wewe utoke barabarani. Tuendelee.

Lililonichoma ni pale Mwalimu aliponiambia kwamba Waingereza hulitumia neno hilo hilo kwa matumaini. Mtu akiwa na tumaini kidogo, wanasema lina flicker. Na wanalisema kwa kufurahi! Wanampongeza! Sasa mimi ninayekaa chini ya kitu chenyewe naomba nitoe ushahidi. Matumaini ya namna hiyo ndiyo yanayomfilisi mtu. Taa yangu ingekufa moja kwa moja ningeshaitupa. Lakini Ijumaa jioni inawaka kuanzia magharibi mpaka taarifa ya habari inakwisha, haijasema tik hata moja, na mimi naanza kuwaambia watu, "Mnaona? Ilikuwa inahitaji muda tu." Jumamosi inarudi kwenye tabia yake, na mimi narudi kwa fundi, na fundi anarudi kwenye stata.

Mwalimu mwenyewe flicker yake haikumgharimu hivyo. Yeye alikwenda kuitafuta kwa miguu yake, na kiingilio akalipa. Alipokuwa kijana Dar es Salaam ilikuwa na sinema za kueleweka, Empire na Avalon, na watu walichana nywele kwanza kabla ya kwenda. Filamu za mwanzo kabisa, zile zisizo na sauti, picha zilikuwa zinapita chache, kama 16 kwa sekunde, na kati ya picha na picha mwanga unazibwa. Jicho likawa linaona mwanga-giza, mwanga-giza. Waingereza wakaziita sinema zote flicks, na jina hilo likawa la mtaani kufikia miaka ya 1920. Baadaye sauti ilipoingia, picha zikawa 24 kwa sekunde, na kipande kinachozunguka mbele ya taa kikafanya kila picha imulikwe mara mbili. Macho yakahesabu miale 48, yakadanganyika, yakatulia. Mwalimu anasema zamu ya fundi wa projekta pale juu ilikuwa ngumu: mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vinavyotemeana cheche, na vijiti hivyo vinaungua vikipungua, kwa hiyo ni lazima visogezwe. Akisinzia, skrini nzima inaanza kupepesa na ukumbi unapiga miluzi.

"Mnaona!" nikasema. "Fundi akikosea, watu wanapiga miluzi. Hapa kwangu analipwa."

Miluzi ingenisaidia nini, lakini. Nilikwenda dukani kununua tubu mpya, maana hatimaye nilikuwa nimefika mwisho wa adabu zangu. Muuzaji akaniangalia kana kwamba nimeomba sumni. "Hizo hatuleti tena, mzee. Chukua LED." Kijana wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hakusema neno, lakini kule kutosema nilikusikia vizuri. Basi nikaja kugundua kwamba si duka lile tu. Kuna Mkataba wa Minamata, wa dunia nzima, unaopiga vita zebaki, na mwaka 2023 wajumbe walikutana Geneva wakakubaliana kwamba taa za namna ya ile yangu zikome kutengenezwa na kuuzwa nchi kwa nchi ifikapo 2027. Sina ugomvi nao, zebaki ni sumu, na tubu ikivunjika ndani ya nyumba ni balaa. Nasema tu kwamba mataifa yote hayo yamekaa kikao kuhusu taa yangu na hakuna aliyefikiria kumwalika fundi.

Nikanunua LED. Ya bei poa, ya machinga, iliyoandikwa wati nyingi kuliko inavyostahili mwili wake. Kwa haki niseme: iliwaka. Ikawaka mara moja bila tik. Tukala, kila mtu na nyama yake. Nikazima, tukalala.

Saa nane za usiku mama mkwe akaniita. Hakupiga kelele, aliita kwa ile sauti ya mtu anayeita huku midomo haijafunguka. Nikatoka chumbani. Sebule nzima giza, swichi imezimwa, na kule juu LED inakonyeza. Inamulika kidogo, inazima. Inahesabu kama mpaka tatu, inamulika tena.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "hiyo umeizima?"

"Nimeizima, mama."

"Basi aliyeiwasha si mtu wa humu."

Asubuhi nyumba ilinuka ubani mpaka kwa mchomeleaji. Alikuja hata kuuliza kama tuna harusi.

Nikamwita fundi mwingine, mtoto mdogo wa chuo cha ufundi, ana tesita mfukoni na anaitumia, jambo ambalo lilinishtua. Akafungua swichi, akachungulia, akacheka peke yake. "Mzee, aliyefunga wayaringi hapa swichi ameiweka kwenye nyutro." Maana yake ni hii: swichi inatakiwa ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa inazima ndiyo, lakini waya wa moto unabaki umefika mpaka kwenye taa usiku kucha, na umeme kidogo unavuja kupitia nyaya zilizolala sambamba ukutani. Balbu za zamani hazikuliona hilo, zilikuwa na kiu kubwa. LED haihitaji mengi. Ile kapasita iliyomo ndani yake inakusanya tone kwa tone, ikijaa inamulika, ikiisha inaanza kukusanya tena. Hata swichi zile zenye kijitaa chekundu zinaweza kufanya mchezo huo. Ila kwangu lilikuwa kosa la hatari, akasema, kwa sababu mtu anayebadilisha balbu akiamini amezima angeweza kupigwa shoti. Nikamfikiria fundi wa stata, juu ya stuli yangu, kila wiki, na vidole vyake. Mungu anawapenda mafundi kwa namna anayoijua mwenyewe.

Mtoto yule akarekebisha. Kisha, kwa kuwa vijana hawajui mahali pa kunyamazia, akatoa simu, akafungua kamera, akaielekeza kwenye taa. "Angalia, mzee." Kwenye kioo cha simu taa yangu mpya ilikuwa imejaa mistari myeusi inayotembea. "Inapepesa hii. Jicho tu halioni." Umeme wetu hugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, na taa isiyo na vichujio vizuri ndani yake inafifia mara 100 katika sekunde hiyo hiyo. Za bei nzuri zinalainisha. Za machinga haziwezi kulainisha kwa bei ile. Akaongeza kwamba wengine walikuwa na hali mbaya zaidi: mitambo ya kwanza mikubwa ya maporomoko ya Niagara, mwaka 1895, ilizalisha umeme wa kugeuka mara 25 tu, na taa zake zilipepesa kwa macho makavu.

Nilimlipa na nikamwomba asinionyeshe kitu kingine.

Jioni Mwalimu alipokuja nilimpa habari zote, nikidhani zitamkata maneno. Badala yake akafurahi. Akasema alikuwa amesahau kuniambia kwamba kule Marekani flicker ni ndege hasa, mzima, mwenye manyoya. Ni aina ya kigong'ota, tena anapenda kushuka chini kula sisimizi. Jimbo la Alabama limemfanya ndege wake wa jimbo. Na mwaka 1995 ndege huyo aliwazuia watu kwenda angani.

Hapo nikamwongezea kahawa mwenyewe.

Chombo kinaitwa Discovery, kiko Florida, kimesimama kwenye jukwaa lake tayari kwa safari. Kando yake kuna tangi kubwa la mafuta, na tangi limevishwa povu gumu la kuzuia joto. Mwishoni mwa Mei vigong'ota wakaliona lile povu, wakaona ni mti mkubwa uliooza vizuri, panafaa kiota. Wakaanza kazi. Kigong'ota anatoboa, anakuta chuma, anashangaa, anasogea pembeni, anatoboa tena. Chuma. Anasogea. Wahandisi walipokuja kuhesabu, matundu yalikuwa yapatayo 200, mengine mapana kupita kiganja. Ikabidi chombo kizima kirudishwe bandani kuzibwa viraka, safari nyingine iliyokuwa nyuma yake ikapita mbele, na Discovery ikaja kuruka tarehe 13 Julai. Baada ya hapo wakubwa wa anga wakaona watafute kinga. Wakaweka maputo yaliyochorwa macho makubwa, na bundi wa plastiki.

"Bundi?" Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. "Watu wazima, na elimu zao, wanaweka bundi kwenye chombo kinachosafirisha watu?"

"Wa plastiki, shemeji."

"Hata wa chokaa. Wakalale nao wenyewe."

Fundi wa stata alikuwa amepita kuulizia kazi na alikuwa amekaa ngazini muda wote, anasikiliza, mkoba mapajani. Nilidhani hadithi ya ndege anayerudia kosa lile lile mara 200 ingemwingia mahali fulani. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akauliza kilichokuwa kinamsumbua.

"Hayo matundu, Mwalimu. Aliyeziba walimpa hela ya kuanzia, au walimwambia mpaka amalize?"

Mwalimu akasema wale ni waajiriwa, wana mishahara.

"Aa," akasema fundi, akasimama, akajifuta vumbi. "Basi ndiyo maana walichelewa mpaka Julai. Mzee, hiyo tubu ya zamani kama huihitaji nitaondoka nayo. Nina stata nyumbani."

Nikamwambia aichukue, na asiivunje njiani.